Rangi Iliondoka Kongwa, Madaraja Yakabaki

Kongwa, mkoani Dodoma, inakumbukwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza. Shule yake ya bweni ya Wazungu haikumbukwi sana. Ilianzishwa 1948, ikapokea watoto waliosafiri kutoka kila upande wa Tanganyika, huku mtoto wa Kigogo wa wilaya hiyohiyo akiwa haruhusiwi kukalia dawati lake. Mradi ulikufa 1951 lakini shule ikadumu hadi 1958, kisha ikahamishiwa Iringa, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Ndivyo elimu ilivyogawanywa: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1962 ikaufuta mgawanyo huo. Baadaye uteuzi wa kidato cha kwanza ukafuata mgawo wa mikoa, ili mtoto wa Dodoma asishindanishwe na mwenzake wa Kilimanjaro, ambako misheni na kahawa vilijenga shule mapema. Kilimanjaro na Kagera walilalamika, na mzazi ambaye mwanawe amefaulu akakosa nafasi ana haki ya kulalamika. Hata hivyo naona mgawo ule ulikuwa halali. Upungufu wake ni kwamba ulimfikisha mtoto darasani ukamwacha hapo.

Humo darasani ndimo pengo la leo linamozaliwa. Mtoto wa kijiji cha Bahi au Chamwino, hukohuko Dodoma, huanza darasa la kwanza akiwa na Kigogo, anakutana na Kiswahili, anakizoea, halafu kidato cha kwanza anaambiwa sasa ni Kiingereza. Mada aliyoielewa vizuri darasa la sita inamrudia kama kitu kigeni. Mwalimu mwenye huruma humfafanulia kwa Kiswahili. Mtihani hauna huruma hiyo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, kabla ya kupangwa upya, yaliwapa daraja sifuri watahiniwa zaidi ya 240,000, takriban asilimia 60. Lugha haikuwa sababu pekee, ila sijui nani anaweza kuiondoa kwenye orodha. Sera ya elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote. Sekondari zimebaki na Kiingereza.

Sasa tazama Arusha School, iliyoanzishwa 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Ni ya serikali, haibagui rangi, na bado inafundisha kwa Kiingereza. Halmashauri kadhaa zimefuata njia hiyo kwa kufungua shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, zenye ada, wakati elimu ya msingi kwingineko ilitangazwa kuwa bila ada. Watetezi wanasema mzazi angelipa zaidi shule binafsi. Ni kweli, na simlaumu mtumishi aliyehamia Dodoma na wizara yake akamtafutia mwanawe nafasi humo. Ninayemlaumu ni mwajiri wake: serikali inatoza ada kwa lugha ileile itakayompima mtoto wa Bahi ambaye hakuuziwa.

Kama Kiingereza kitabaki sekondari, basi wiki chache za kozi ya lugha mwanzoni mwa kidato cha kwanza hazitoshi. Uwe muhula mzima, wenye walimu wa kutosha wa somo hilo, na shule za kata za vijijini zihudumiwe kwanza. Kabla hayo hayajafanyika, madiwani wasipitishe hata shilingi moja ya kujenga shule nyingine ya mchepuo.