Sifa za Mtu Aliyekataa Kuanguka

Kwa mwaka mzima nilisimulia uongo nikiwa nimeshika kinga ya shingo.

Ni kitu chepesi: sponji nene iliyovikwa ngozi bandia, na mkanda wa kunata kwa nyuma. Huvaliwa pamoja na kofia yenye wavu wa chuma usoni, na koti la kinga linalokufanya uonekane kama godoro lililofungwa mkanda. Bila vitu hivyo, kupigana kwa fimbo kwa mtindo wa Wafilipino, unaoitwa arnis, eskrima au kali kutegemea nani kakufundisha, kunaishia hospitali. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa siku nyingi katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, kwa hiyo kazi ya kuwavisha wageni ilikuwa yangu. Kila nilipofika shingoni nilisimulia kama nilivyosimuliwa na kocha. Kwamba Wamarekani walipoivamia Ufilipino, Waislamu wa kusini, Wamoro, waliwafyeka shingo askari wa majini kwa panga zao mpaka askari wale wakaanza kuvaa kola za ngozi, na ndiyo maana hadi leo wanaitwa “shingo za ngozi”. Nikiona macho yamewatoka, naongeza ya pili: kwamba Mmoro alipigwa risasi sita za bastola, akafika hivyo hivyo, akaua, ndipo Marekani ikalazimika kutengeneza bastola ya .45.

Wageni huguna. Wengine hushika koo. Ukumbi mzima hujiona umejiunga na jambo zito.

Jioni moja binti aliyekuwa akisoma sheria, kofia bado iko mkononi, akaniuliza: “Sasa kaka, huyo mtu alikuwa anakimbilia nini?”

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Sikuwa na jibu. Nilimwambia afunge mkanda tuanze.

Tuanze na kola, maana hiyo inaisha haraka. Askari wa majini wa Marekani walipewa ukosi mgumu wa ngozi mwaka 1798, na ukaondolewa kwenye sare mwaka 1872. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Ukosi ule uliwafanya askari wainue kidevu gwarideni, na jina la utani likabaki hata ngozi ilipovuliwa. Aliyeuunganisha na panga za Jolo alikuwa na mdomo mzuri, basi.

Bastola ni ngumu zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Ni kweli kwamba bastola ya .38 ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1892 ililalamikiwa vikali huko Ufilipino, na ni kweli kwamba .45 za zamani zilitolewa ghalani zikapelekwa vitani. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio ya risasi kwenye machinjio ya Chicago, wakipiga ng'ombe walio hai na maiti za watu, kisha wakapendekeza ukubwa usiopungua .45. Bastola mpya, kazi ya John Browning, ilipitishwa Machi 1911.

Lakini kisa kinachojulikana sana katika kumbukumbu za jeshi lenyewe kuhusu mtu aliyekataa kuanguka hakimhusu Mmoro. LaGarde, ambaye alikuwa daktari, alimwandika kwa jina: Antonio Caspi, mfungwa katika kisiwa cha Samar, aliyejaribu kutoroka Oktoba 1905. Alipigwa risasi nne za .38 kutoka karibu na hakuanguka mpaka alipopigwa kitako cha bunduki kwenye paji la uso. Samar iko katikati ya nchi, si kusini kwa Wamoro. Majaribio ya Chicago yalikuwa yamefanyika mwaka mmoja kabla. Na yeye hakuwa akishambulia kambi ya mtu, alikuwa akitoka gerezani. Hadithi ya ukumbini imemvua Caspi jina, imemvisha kilemba, ikampa upanga na ikamgeuza uso awaelekee askari aliokuwa anawakimbia.

Kocha nilipomweleza haya alinijibu jambo ambalo wengi wenu mngelisema: “Lakini ile si sifa? Si tunawaheshimu?” Hapo ndipo ninapogombana na kila mtu anayefundisha mchezo huu. Hapana, si heshima. Mtu anasifiwa kwa idadi ya risasi alizomeza, kama ng'ombe wa Chicago. Katika hadithi hiyo hana mama, hana kodi anayodaiwa na serikali ya kigeni, hana sababu. Ana mwili tu, na mwili wake ni kipimo cha bidhaa. Mwisho wa hadithi msikilizaji hatoki akimjua Mmoro, anatoka akiijua bastola.

Wahispania walimwita mtu huyo juramentado, aliyekula kiapo. Watausug wa Jolo wenyewe walisema parang sabil, na msomaji wa pwani hahitaji kutafsiriwa neno la pili. Sisemi alikuwa malaika. Aliua, na si askari peke yao. Lakini alikuwa na lugha ya kueleza alichokuwa anafanya, na lugha hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa kila hadithi inapopita kwa mtu mwingine.

Tena hadithi ya bastola inapunguza vita mpaka vinakuwa watu wawili katika njia nyembamba, upanga huku, bastola kule, nani mkali. Machi 1906, katika kisiwa cha Jolo, mamia ya Watausug walikuwa wamepanda kwenye shimo la volkano la Bud Dajo, pamoja na wake zao na watoto. Jeshi lililokuwa chini ya Jenerali Leonard Wood likapandisha mizinga na bombomu mlimani. Waliouawa hawakupungua 600, na yapo makadirio yanayokaribia 1,000. Upande wa Wamarekani waliokufa hawakufika thelathini. Mlima ule haukuhitaji bastola yoyote mpya. Mark Twain aliandika kwa hasira juu ya mauaji hayo, lakini maandishi yenyewe hayakutoka mpaka yeye amekwisha kufa.

Sisi wa hapa ndio tulipaswa kuishtukia hadithi hii mapema kuliko wengine. Miezi sita kabla ya Bud Dajo, Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Majimaji waliikimbilia boma ya Wajerumani Mahenge, na bombomu ikawafyeka. Shuleni tulifundishwa nini cha kukumbuka? Maji. Kwamba waliamini risasi zitageuka maji. Darasa letu lilicheka, nakumbuka vizuri, na mwalimu akacheka nasi kidogo. Pamba ya kulazimishwa ilipata mistari michache, na njaa iliyoua wengi kuliko risasi ilipata michache zaidi. Mmoro asiyeanguka na Mngindo anayeamini maji ni mtu mmoja aliyetazamwa kutoka nyuma ya bunduki ile ile: mmoja anashangaza, mwingine anachekesha, na hakuna anayeulizwa alikuwa anataka nini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mchezo wenyewe hauihitaji chumvi hiyo. Shika fimbo yake. Ni henzirani, ile ile ya viti vya barazani na, kwa waliosoma chuo enzi zile, ile ile ya mgongoni kwa ustadhi. Huchaguliwa kwa sababu haivunjiki vipande vyenye ncha vya kumtoboa mwenzako jicho, bali huchambuka taratibu kama ufagio, na unaona kabisa kwamba siku zake zimekwisha. Zikigongana sana kwa kasi hutoa harufu ya kuungua. Mzee wa Lamu anayecheza kirumbizi angeishika mara moja na kuuliza wapi pa kusimama. Wapo mafundi wa Cebu waliofungua chama chao cha Doce Pares mwaka 1932, wakagombana, wakagawanyika, wakapatana, wakabuni mitindo juu ya mitindo, na baadaye mwaka 1989 mji huo huo ukaandaa mashindano ya dunia ya watu waliovaa magodoro haya tunayovaa sisi. Hiyo ni historia ya kutosha. Na tazameni: ni historia ya Wavisaya, Wakristo wengi wao. Nyingi ya mitindo tunayofundishwa imetoka kwao na Luzon, si kwa Wamoro. Yaani tumeazima maiti za jirani ili kuupa uzito mchezo ambao hata si wao waliotuachia.

Kuna picha ya Bud Dajo. Askari wamesimama juu ya handaki, wengine wanaitazama kamera, na chini yao miili imelaliana. W. E. B. Du Bois, aliyekuwa akifundisha Atlanta, alipoiona alitaka aiwekee fremu na kuitundika kwenye ukuta wa darasa lake. Niliichapisha kwa ukubwa wa karatasi mbili, nikaitundika ukumbini karibu na rafu ya kofia, mahali nilipokuwa nikisimulia. Nikasema anayetaka kuhadithia bastola ya .45 ahadithie akiwa amesimama hapo.

Ilikaa siku nne. Kocha alisema inawatisha wageni, na ni kweli, mmoja alirudisha koti akaondoka. Yule binti wa sheria ndiye aliyekuja kuniambia imetolewa, na tukaenda kuitafuta pamoja. Iko stoo, imegeuziwa ukutani, nyuma ya fungu la henzirani mpya ambazo bado hazijafunguliwa kamba.