Bangi mjini Bunia: kesi inaamuliwa kwenye kasho, kabla wakili hajafika

Msako wa bangi unapofanyika mjini Bunia, wazazi wengi wanafurahi, na wana sababu. Tatizo linaanza baadaye, kwenye kasho.

Kijana aliyekutwa na misokoto miwili anahojiwa kwa Kiswahili, lakini majibu yake yanaandikwa kwa Kifaransa. Kama hakusoma, anatia kidole bila kujua karatasi inamwita mvutaji au muuzaji. Na kesi yote iko hapo. Wakili akija wiki tatu baadaye, anaweza kukuta mteja wake amekwisha “kukubali” biashara ambayo hakuifanya. Katiba iko wazi: kifungu cha 18 kinataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa, na polisi wasimshike zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinampa wakili tangu mahojiano ya polisi, si siku ya hukumu tu.

Halafu kunakuja kungoja. Kwa kosa lenye adhabu ya miezi sita au zaidi, sheria ya 1959 inaruhusu kumshika mshitakiwa siku 15, kisha kuongeza mwezi kwa mwezi, mara tatu mfululizo tu. Baada ya hapo hakimu ndiye anayeamua, katika kikao cha wazi. Gereza kuu la Bunia, lililojengwa kwa watu wapatao 220, limebeba zaidi ya elfu moja, na wengi wao bado hawajahukumiwa. Mei 2021, kwa utawala wa kijeshi, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi, ambazo tayari zilikuwa na faili za wanamgambo. Ya misokoto miwili ingepita lini? (Aliye chini ya miaka 18 hapaswi hata kufika huko: sheria ya Januari 2009 inampeleka kwa hakimu wa watoto.)

Mawakili wakisema haya wanaambiwa wanatetea bangi. Si kweli. Mwenye magunia ahukumiwe kama mfanyabiashara, na Bunge liandike wazi tofauti yake na mvutaji, ambaye adhabu yake isiwe lazima jela. Lakini hakuna haja ya kungoja Kinshasa ili karatasi isomwe kwa Kiswahili kabla ya kidole, wakili akiwa pale, wala ili mahakimu wafanye vikao ndani ya gereza, wakianza na wale ambao muda wao wa kushikwa umekwisha pita.