Batri chini ya kitanda ni shimo bila miti

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki mu nyumba wakati siye tuko Kamituga, Nyabibwe ao Luhwindja, leo hatuongei bei ya gramu. Tunaongea batri.

Mutatuuliza sendika inatafuta nini mu mambo ya batri. Jibu ni hili: mwenzetu mumoja, mukazi wa Nyalukemba, alikuwa mu shimo siku nyumba yake iliposhika moto. Ilikuwa saa tatu ya usiku, umeme umekatwa, watoto wanaangalia televizyo kwa nguvu ya batri ya gari iliyowekwa chini ya kitanda. Waya ilikuwa nyembamba, ile ya kengele. Mguu wa kitanda uliikandamiza siku kwa siku mpaka ngozi yake ikapasuka, nyaya mbili zikagusana, na godoro njo lilianza kuwaka. Majirani walitoa watoto. Mumoja amebaki na kovu ku mukono. Vyumba viwili viliisha.

Tulipofika kumupa pole, kila mutu alikuwa anauliza alinunua konvertisa kwa nani. Hakuna aliyeuliza fuzibli ilikuwa wapi. Haikukuwa. Na tulipozunguka kwa wenzetu wengine mu avenue zetu, tulikuta nyumba mingi ziko vile vile: batri, waya, konvertisa, basi. Watu hao ni mabingwa wa kuweka miti mu shimo. Hakuna hata mumoja wao angekubali kushuka mita 30 chini bila miti ya kushikilia udongo. Lakini mu chumba cha watoto wao wameshusha shimo bila muti hata mumoja.

Tunajua sababu ya kununua batri. Bukavu haiko mbali na umeme, umeme njo uko mbali na siye. Ruzizi inatoka ziwani hapa hapa karibu na Nguba, na Ruzizi I inafanya kazi tangu miaka ya 1950. Ruzizi II, ya mwaka 1989, ni ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Mashine zimezeeka, mji umejaa watu, na chupa za plastiki tunazotupa siye wenyewe mu mitaro zinateremka na mvua mpaka ku baraji na kusimamisha mashine. (Hapo hatuna wa kumulaumu isipokuwa mukono wetu.) Mwanafunzi anayejitayarisha kwa Exetat hawezi kungojea yote hayo yatengenezwe. Na mushumaa pia unaunguza nyumba. Kwa hiyo hatusemi muache batri. Tunasema muijenge sawa watu wanaojua kazi ya chini ya udongo.

Kosa la kwanza tunalokuta ni sifa. Mutu anarudi na makuta ya mwezi mzuri, ananunua konvertisa ya wati 2000 kwa sababu ni kubwa na inamulika taa za rangi, kisha anaifunga ku batri moja ya gari. Konvertisa haileti umeme. Ni mulango tu. Ghala ni batri, na ghala likiwa dogo, mulango mukubwa unalimaliza haraka zaidi.

Tufanye hesabu, haiko ngumu kuliko ile ya kugawa mazao na PDG wa shimo. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100, zidisha: ni wati-saa 1200. Ikiwa ni ya risasi, usitumie zaidi ya nusu, kwani ukiishusha mpaka chini kila usiku itakufa mu miezi michache. Unabaki na 600. Sasa nyumba: taa 4 za LED za wati 5, saa 5, ni 100. Televizyo ya wati 40, saa 4, ni 160. Simu ine, karibu 50. Redio, 10. Jumla 320, na konvertisa nayo inakula sehemu yake, sema tufike 370. Usiku umepita na kuna akiba. Sasa chomeka pasi ya wati 1000: zile 600 hazifiki dakika 40, na mu waya munapita amperi karibu 100. Resho ya umeme ni vile vile. Pasi na resho zingojee umeme wa mustari, ao makala. Kwa nyumba ya taa na televizyo, konvertisa ya wati 300 inatosha, na makuta inayobaki iende ku batri, waya na fuzibli.

Tukae kidogo ku fuzibli, maana hapa njo watu wanakufa. Mingi wanatuambia: "Ni volti 12 tu, haipige mutu." Kweli, ukiigusa kwa mukono mukavu hausikii kitu. Lakini batri hiyo hiyo inaamusha injini ya lori. Nyaya zake mbili zikigusana, inasukuma mamia ya amperi kwa mara moja, na waya inageuka nyekundu sawa chuma cha mufuzi. Wengine wanasema wako na dijonkta ku ukuta. Dijonkta ile inachunga umeme wa mustari. Haioni kitu kinachopita kati ya batri na konvertisa. Fuzibli iwekwe ku waya ya chanya, shibiri moja tu kutoka batri, kwa sababu kipande chote kilicho kabla yake hakina mulinzi. Kwa konvertisa ya wati 300, fuzibli ya amperi 40 na waya ya shaba ya milimita-mraba 10, fupi, vichwa vyake vimebanwa kwa koleo, visizungushwe kwa vidole. Fuzibli ikikatika, usiweke musumari ao karatasi ya sigara mahali pake. Tumeona yote mawili.

Na mahali pa kuiweka? Batri ya risasi ikiwa inachajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, hewa inayoshika moto kwa cheche ndogo. Ndani yake muko asidi. Basi chumba cha kulala hapana, jikoni karibu na mbabula hapana. Iwekwe mu sanduku lenye matundu juu, ku baraza lililofungwa ao mu kona yenye dirisha, juu ya matofali, mbali na mikono ya watoto. Ikiwa ni ile ya kuongeza maji, ni maji ya batri tu. Maji ya ziwa yaachie sambaza.

Kuchaji nako kuko na hila. Chaja ya amperi 10 inataka saa 6 ao 7 kurudisha ile nusu iliyotumiwa. Umeme ukikuja saa 3 kisha ukaenda, batri haijai kamwe, na batri ya risasi isiyojaa inagonjwa ndani kidogo kidogo. Njo maana tunashauri pano moja ya wati 100 ku manjanja, na regulateri yake. Siku ya jua inaleta wati-saa 300 ao karibu 400. Mu miezi ya mvua itapungua, lakini inasaidia batri kumaliza safari ambayo umeme wa mustari umeikatia njiani.

Wenye uwezo, munaona sasa batri za litiamu za chuma na fosfati, LFP. Bei inauma, lakini unaweza kutumia hata sehemu 8 juu ya 10, na nzuri inajazwa na kutumiwa mara zaidi ya 2000, yaani usiku wa miaka 5. Iko na karata yake ya ndani inayoilinda, na inataka chaja yake, haiko ile ya risasi. Lakini zile seli ndogo wanazotoa mu kompyuta zilizokufa na kuziunganisha kwa koleo la moto, tunaomba vijana waziache kama hawana karata ya ulinzi na kipimo. Zikikasirika, maji hayazizimi kirahisi. Na wenzetu wanaopenda kusema "kobalti yetu inawasha Ulaya" wajue LFP haina kobalti hata kidogo. Kinachotoka kwetu kiko mahali pengine: bati ya kasiterite njo inaunganisha vipande mu tumbo la konvertisa, na tantali ya koltani iko mu vidude vidogo vya mashine kama hizo. Gunia letu la Kalimbi lilianza kufungwa etiketi mwaka 2012 ili mununuzi wa mbali ajue limetoka wapi. Lakini batri tunayouziwa siye haina hata tarehe, imepakwa rangi upya, na tunalipa.

Kuna jambo moja tunaomba mutusikilize kama ndugu. Watu fulani wanatengeneza waya yenye vichwa viwili vya kuchomeka, wanaingiza umeme wa konvertisa ao wa jenereta mu priza ya ukuta ili nyumba yote iwake. Umeme huo unatoka nje, unapanda ku transfoma, na kule unageuka volti maelfu. Fundi aliye juu ya nguzo anajua mustari umekufa. Yeye naye ni mufanyakazi, ana watoto, analipwa kidogo sawa siye. Kama unataka umeme mu priza zako, lipia swichi ya kugeuza yenye inakata mustari kabla ya kuleta batri. Kama makuta haiko, tumia rallonge toka ku konvertisa, inatosha.

Na batri iliyokufa isipasuliwe mu kiwanja ili kutoa risasi. Kule Mombasa, mu mutaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri kilitia sumu watu, na mu mwaka 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini mutoto ambaye risasi imeingia mu damu hapati tena akili yake yote kwa shilingi. Siye tunaojua zebaki inavyofanya ku mikono ya wanaokamata dhahabu, hatuna sababu ya kujifanya hatuelewi.

Ndani ya sendika yetu kuna wakubwa wanaosema: mukijenga batri, munaruhusu Serikali kulala. Tunawaheshimu, lakini hatukubali. Tunaandika barua juu ya umeme na tutaendelea kuandika, na barua inaandikwa vizuri zaidi mahali penye taa. Kinachotukasirisha ni kwamba jambo hili limeachiwa kila mutu na mufuko wake. Tunazo AVEC, tunazo likelemba. Nyumba 10 zikikusanya pamoja zinaweza kununua waya nzuri kwa roli nzima, fuzibli kwa sanduku, na batri moja kila zamu mpaka zote zipate. Tunaomba mufuko wa sendika ununue kipimo cha volti kimoja na koleo moja la kubana kwa kila kartie, na vijana wawili wafundishwe kukagua, bure. Na sheria iwe moja: hakuna nyumba inapewa batri kabla ya fuzibli na sanduku kuwa mahali pake.

Hilo tutalipeleka ku mukutano unaokuja, na mwenzetu yule aliyeunguliwa njo atalisema wa kwanza. Kwa sasa, wamama, kama bwana yuko mu shimo na batri iko chini ya kitanda, zimeni konvertisa, muite jirani anayejua, atoe kwanza waya ya hasi, kisha ile ya chanya, na muitoe batri mu chumba kabla ya watoto kulala. Watalala mu giza usiku mumoja.