Tamasha la Detroit ni la Nani?

Wapo ndugu zetu, na baadhi yao wamekaa katika ofisi zenye mihuri, wasemao kwamba habari za ngoma ni habari za vijana na hazistahili kupewa nafasi katika ukurasa huu. Safu hii haikubaliani nao. Ngoma inapopigwa katika uwanja wa umma, kwa idhini ya serikali, na kwa fedha ambazo sehemu yake imetoka katika mfuko wa wananchi, hapo tena si ngoma tu, bali ni jambo la utawala, na mwenye dhamana anapaswa kulijua kama anavyojua hesabu za bandari au za soko. Kwa sababu hiyo leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu yaliyotokea katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan, nchini Marekani, ambako mwaka 2001 mashabiki wa tamasha la muziki wa elektroniki walikuja juu, na mgogoro wao ukawa umebeba somo ambalo sisi watu wa visiwani tunaweza kulisoma bila ya mkalimani.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Detroit ni mji uliojengwa na viwanda vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu wanaokaribia 1,850,000. Ilipofika hesabu ya mwaka 2000 walikuwa wamebaki 951,000 na ushei. Viwanda vilifungwa au vilihamishwa, wenye uwezo wakakimbilia vitongoji vya nje, na nyumba zikabaki magofu mtaa kwa mtaa. Hata Motown, kampuni ya santuri iliyoupa mji huo sifa duniani kote, ilifungasha mizigo yake mwaka 1972 ikahamia Los Angeles.

Katika mazingira hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana weusi watatu waliosoma shule moja katika mji mdogo wa Belleville, nao ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walianza kutunga muziki kwa vinanda vya umeme na mashine za kupigia mdundo. Hawakuwa na bendi, hawakuwa na studio kubwa. Walikuwa na vyumba vyao, na masikio yaliyozoea mji ambao mtambo umechukua nafasi ya mkono wa mfanyakazi. Atkins aliwahi kusema kwamba pengine roboti za viwanda vya Ford zinamvutia zaidi kuliko muziki wa Berry Gordy, mwasisi wa Motown. Muziki huo ukaitwa tekno. Mwaka 1988 ulikusanywa katika santuri iliyotolewa Uingereza, na tangu hapo vijana wa London na Berlin wakaucheza usiku kucha, ilhali nyumbani kwao wenyewe walioutunga walipita mitaani bila ya kutambuliwa na wengi. Wahenga walisema nabii hakosi heshima ila kwao, na hapa ndipo tulipoona usemi huo ukitimia.

Basi tamasha la kwanza, lililofanyika kuanzia tarehe 27 hadi 29 Mei mwaka 2000, halikuwa starehe ya kawaida. Lilikuwa ni kurudi nyumbani. Lilifanyika Hart Plaza, uwanja wa mji ulio ukingoni mwa mto, ambapo mtu akisimama huuona mji wa Windsor wa Kanada ng'ambo ya pili. Mkuu wa mambo ya sanaa, yaani yule aliyechagua nani apige na apige lini, alikuwa Carl Craig, mwanamuziki wa kizazi kilichowafuata wale watatu. Hapakuwa na lango wala kiingilio. Wazee walikuja, watoto walikuja, na wageni wakatoka Ulaya kuja kuyaona makao ya muziki walioupenda kwa miaka. Waandalizi walitangaza kwamba waliohudhuria walizidi milioni moja. Tuseme kweli: uwanja usio na lango hauna wa kuhesabu, na idadi za namna hiyo huongezeka kila zinapotajwa. Lakini kwamba umati ulikuwa mkubwa kupita matarajio, hilo halina ubishi.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalibadilika kwa mpigo. Kampuni ya Ford ilikuwa mdhamini mkuu, na jina la gari lake, Focus, likabandikwa mbele ya jina la tamasha. Kisha, wiki chache tu kabla ya ngoma kuanza, kampuni iliyopewa kazi ya kuandaa tamasha ikamwachisha kazi Carl Craig. Mashabiki wakawaka. Barua za malalamiko zilisambazwa, saini zikakusanywa, na fulana zikachapishwa kutangaza kwamba anayezivaa yuko upande wa Craig. Baadhi ya waliokuwa wamealikwa kupiga walisema wazi kwamba wanamwunga mkono. Mwenyewe akaenda mahakamani akidai mkataba wake umevunjwa. Tamasha likafanyika, umati ukaja, lakini furaha ya mwaka 2000 haikuwa ile tena.

Wengi walioandika juu ya mgogoro huo waliueleza kuwa ni ugomvi wa sanaa na fedha, kwamba mashabiki walichukizwa na jina la gari. Sisi tunaona maelezo hayo hayatoshi. Ford si mgeni Detroit. Baba na babu za vijana wale walisimama miaka na miaka penye mistari ya kuunganishia magari. Na wimbo wa Atkins uitwao "No UFOs", wa mwaka 1985, uliingizwa katika tangazo la gari hilo hilo la Focus bila ya mji kuasi. Mdhamini aliyetoa fedha zake na kuomba jina lake lionekane ameomba jambo la kawaida katika biashara. Kilichowakera watu ni kugundua kwamba kitu walichokidhani ni chao kilikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo aweza kukibadili usiku mmoja bila ya kuulizana na mtu.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo. Uwanja ulikuwa wa umma, muziki ulikuwa wa watu wa mji, sehemu ya fedha ilikuwa ya mji. Lakini uendeshaji ulikuwa katika mkataba wa kampuni ambao mshabiki hakupata kuuona. Amana iliwekwa kwa mtu bila ya kuandikwa kuwa ni amana. Lawama za mwaka 2001 zilielekezwa kwa kampuni, nayo huenda ilistahili fungu lake. Fungu kubwa zaidi tunalipeleka kwa Halmashauri ya Jiji. Kampuni ilifanya kazi ya kampuni. Ni serikali ya mji iliyotoa uwanja wake ulio bora kuliko vyote, katika siku tatu zilizo bora za mwaka, bila ya kuhakikisha kwamba wananchi wanajua nani anachagua wapigaji, nani ana mamlaka ya kumwondoa mchaguzi, na baraza lipi lipelekewe malalamiko pakitokea hitilafu. Mtu asiye na pa kupeleka shauri lake huliandika kifuani, juu ya fulana.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi, na hapa tunapenda kuwa waadilifu hata kwa wale tuliowatetea. Mwaka 2003 tamasha lilikabidhiwa Derrick May, mmoja wa wale watatu wa Belleville, naye akaliita Movement. Mashabiki wakashangilia: ngoma imerudi kwa wenyewe. Lakini mji ulikuwa umefunga mfuko wake, kiingilio hakikuwepo, na May akalazimika kutia fedha zake mwenyewe. Majukwaa, umeme, walinzi, vyoo, usafi wa uwanja, yote hayo hulipiwa, apende mtu asipende. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2005 likaenda kwa Kevin Saunderson, likaitwa Fuse-In, na kwa mara ya kwanza uzio ukawekwa na kiingilio kikadaiwa, dola 10 kwa siku.

Nao mashabiki walisemaje? Wapo walioelewa wakalipa. Lakini wapo pia walionung'unika kana kwamba wameporwa, na miongoni mwao hatuna shaka walikuwemo waliodai miaka minne nyuma kwamba tamasha lirudishwe mikononi mwa wanamuziki wenyewe. Lilikuwa limerudishwa. Aliyesimama akiomba dola kumi alikuwa mmoja wa waasisi wa muziki huo! Kupenda kitu na kutaka kukigharamia ni mambo mawili, na kelele za uwanjani mara nyingi huchanganya hayo mawili. Lango nalo lilifunua siri: zilipoanza kuhesabiwa tiketi, ile milioni ikawa makumi ya maelfu. Si kwamba watu wote walikimbia kiingilio. Ni kwamba sasa palikuwa na hesabu.

Tangu mwaka 2006 tamasha limeendeshwa na kampuni ya mji huo huo, Paxahau, ambayo ililirudishia jina la Movement. Limesimama. Limepita salama hata mwaka 2013, mji ulipotangaza kufilisika, na baada ya kukatizwa na maradhi ya korona mwaka 2020 na 2021 lilirejea mwaka 2022. Ila tiketi ya siku tatu hivi sasa hupita dola 200, na ndani ya uzio yako maeneo ya wenye kulipa zaidi. Kabwela wa Detroit aliyecheza bure na wanawe mwaka 2000 leo hupiga hesabu ya kodi ya nyumba kwanza.

Tukigeuka kwetu, hatusemi hayo kwa kuwacheka Wamarekani. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo limejaza Ngome Kongwe kwa wageni na wenyeji, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikupatikana. Mwaka ule wenye hoteli na watembeza watalii walijua thamani ya kitu ambacho wengi wao walikizoea kama mvua ya msimu. Makunduchi, kwa upande mwingine, Mwaka Kogwa haujawahi kumtegemea mdhamini ili uwe Mwaka Kogwa: wenyeji wenyewe ndio wenye migomba, ndio wenye kibanda kinachochomwa, na mgeni huja akakuta shughuli ina wenyewe. Kati ya mifano hiyo miwili ndipo panapohitajika akili ya serikali, kwani maombi ya viwanja vya Forodhani na fukwe za kaskazini hayatapungua, na mengi yatakuwa ya muziki huu huu wa mashine.

Tunaloliomba kwa wahusika si fedha. Ni karatasi. Kabla ya kibali kutolewa, iandikwe jina la tamasha ni mali ya nani waandalizi wakigombana. Iandikwe nani atachagua wapigaji na kwa utaratibu gani ataondolewa. Iandikwe mwenyeji atalipa kiasi gani, na kiasi hicho kisipandishwe bila ya taarifa. Kisha karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo Sheha na mvuvi wanaweza kuisoma. Detroit haikuwa na karatasi ya namna hiyo mwaka 2000, wakati kila mtu alikuwa na furaha na kuandikishana kungekuwa rahisi.

Carl Craig, kwa wale watakaouliza, hakuususia uwanja ule. Katika miaka ya baadaye amerudi Hart Plaza mara nyingi kupiga katika tamasha lile lile, na wanaotaka kumsikiliza hupanga foleni langoni, tiketi mkononi.