Doa kwenye wengu lisikuzungushe jiji zima

Ukilalamika maumivu chini ya mbavu za kushoto, washikaji wa mtaa wana majibu mawili: ni gesi, ama ni malaria ya ushago. Huenda kweli. Malaria huvimbisha wengu, ile bandama, na kama juzi umetoka Busia au Siaya, kapimwe damu kwanza. Lakini kuna siku damu inarudi safi na maumivu bado yapo. Unapigwa ultrasaundi, ripoti inasema kuna doa kwenye wengu, kafanyiwe CT.

Hapo ndipo mtu wa Kayole hukwama. Anaanza kuchangisha kwenye WhatsApp, anapanga foleni ng'ambo ya mji, anasema atarudi mwezi ujao. Na kama doa lile ni limfoma, haimsubiri.

Ipo njia nyingine, na inatumia ultrasaundi hiyohiyo, bora tu iwe na programu ya kontrasti. Unadungwa sindano mkononi yenye viputo vya gesi, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Kwenye skrini vinang'aa. Dakika ya kwanza wengu wenye afya huonekana na milia, kama punda milia, halafu wote hung'aa sawasawa kwa dakika kadhaa. Sasa daktari anatazama doa. Lisipoingiza kiputo hata kimoja, mara nyingi ni kifuko cha maji au sehemu iliyokosa damu. Likiendelea kung'aa pamoja na wengu, kwa kawaida si la kutisha. Likififia haraka huku wengu bado unawaka, hapo kuna shaka ya saratani.

Hakuna mionzi. Gesi unaitoa kwa pumzi, figo hazisumbuliwi. Hata aliyeanguka na boda boda anaweza kuangaliwa hivi kama wengu umepasuka. Si muujiza, lakini: saratani bado itathibitishwa na kipande kinachopelekwa maabara, na kipimo kinataka mtu aliyefunzwa kukisoma.

Ndiyo maana tunaiambia Kaunti ya Nairobi: mnaponunua mashine za hospitali kama Mama Lucy Kibaki, nunueni zenye programu hiyo, wekeni dawa yake stoo, na muwafunze wapiga picha. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ikitaje kipimo hiki kwa jina kwenye orodha ya inavyolipia, kijana asiambiwe dirishani kwamba hakijulikani.

Nawe, msomaji, ukiona unashiba kwa vijiko vitatu vya githeri, unatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa, suruali inakuvuka bila sababu, usinunue dozi ya tatu ya malaria dukani. Nenda hospitali. Wakikuambia kuna doa, usitoke hapo kabla ya kuuliza ni doa la nini, na nani atalifuatilia, lini.