Saksafoni Haina Dhambi ya Asili



Wapendwa waamini, wiki hii tafakari yetu inaiacha njia yake ya kawaida, kwa kuwa limezuka jambo tusiloweza kulinyamazia. Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyejifunza kupuliza saksafoni, aliomba kupiga pamoja na kwaya katika Misa. Kabla ombi lake halijafika mezani kwetu, baadhi ya wazee walikwisha kumjibu: chombo hicho ni cha baa, na mwenye kukipenda hajaongoka. Tangu siku hiyo haonekani mazoezini, wala kwenye jumuiya. Parokia inaweza kuishi miaka mia bila saksafoni. Kumpoteza mbatizwa kwa hoja isiyo na mashiko ni jambo jingine kabisa.

Tukitazame chombo chenyewe. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, alikipatia hataza mjini Paris mwaka 1846, akizikusudia bendi za jeshi na okestra. Baa haimo katika cheti chake cha kuzaliwa. Kinanda cha mabomba, ambacho Mtaguso wa Pili wa Vatikano umekipa heshima ya pekee, ndicho chenye ukoo wa mashaka: babu yake alipigwa katika viwanja vya michezo vya Warumi, watu wakiuana mbele ya watazamaji. Kama asili ndiyo kigezo, kinanda kingetangulia kutolewa nje.

Someni pia Danieli sura ya 3. Filimbi, kinubi na zeze vinapigwa ili watu waisujudie sanamu ya Nebukadreza. Kisha fungueni Zaburi ya 150: filimbi, kinubi na zeze vinamsifu Mungu hekaluni. Vyombo ni vile vile. Wale vijana watatu waliikataa sanamu. Hatusomi popote kwamba walikivunja kinubi.

Na tuseme wazi, tunaupenda mlio wa saksafoni. Tumekulia katika muziki wa dansi, ule wa NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na wa Mlimani Park ya mwaka 1978, ambamo magitaa yanafuma taratibu na wapulizaji wanamwitikia mwimbaji kama waamini wanavyoitikia zaburi ya kati. King Michael Enoch, mpiga gitaa hodari, alishika pia saksafoni, na katika albamu Sikinde, mkusanyo wa rekodi za Mlimani Park, mtu husikia pumzi ya binadamu ikipita ndani ya shaba. Kwa Wamarekani tunaipenda Born to Run ya Bruce Springsteen, ya mwaka 1975. Mpulizaji wake, Clarence Clemons, alikuwa mjukuu wa mchungaji wa Kibaptisti, na saksafoni yake ya kwanza ilikuwa zawadi ya Krismasi. (Wazee wetu wangempa soksi.)

Wapinzani hututajia Cosmas Chidumule, aliyeimba «Neema» akiwa na Mlimani Park na baadaye akageukia nyimbo za Injili. Mnaona, wanasema, aliuacha muziki wa dunia! Naam, lakini koo lake ni lile lile. Hakuna aliyemwamuru atafute koo jipya ndipo amwimbie Bwana. Mbona basi pumzi ya kijana wetu idaiwe kutakaswa kwa kunyamaza?

Tusimsahau Verckys Kiamuangana wa Kinshasa, aliyepuliza katika OK Jazz kabla ya kuunda Orchestre Vévé mwaka 1969, na aliyefariki mwaka 2022. Wimbo wake «Nakomitunaka» wa mwaka 1972 uliuliza kwa nini katika picha za kanisani malaika ni weupe na shetani ni mweusi. Mapadre wengi walichukizwa. Tungeweza kumjibu kwamba Paulo VI alikwisha kuwatangaza Karoli Lwanga na wenzake watakatifu mwaka 1964. Lakini picha ukutani zilimpa haki ya kuuliza. Mwaka 1985, mjini Kinshasa kwao, Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite mwenyeheri. Swali lililoulizwa na mpiga saksafoni lilikuwa swali la Kanisa.

Kuna hoja moja yenye uzito, nayo hatuikwepi. Hati Musicam Sacram ya mwaka 1967 inaviondoa katika liturujia vyombo ambavyo, kwa maoni na matumizi ya watu wote, vinafaa kwa muziki wa kidunia tu. Lakini ni maoni ya watu gani? Piteni leo kwenye baa za barabarani hapa Misigiri: muziki umetengenezwa kwa kompyuta, na hakuna anayepuliza chochote. Chombo kinachofanana na hizo baa ni kinanda chetu cha umeme, chenye kitufe cha kupiga ngoma peke yake, ambacho kwaya hukibonyeza hata wakati wa Komunyo! Hicho wazee hawajakisemea neno.

Ruhusa ya vyombo si ya paroko peke yake, na Mtaguso umelisema hilo mwaka 1963. Kwa hiyo tumeandika barua kwa kamati ya liturujia ya jimbo, na tutawasomea jibu, liwe ndiyo au hapana. Wazee waliomjibu kijana kabla yetu tunawaomba waende nyumbani kwake juma hili, wamwombe arudi kwenye jumuiya. Saksafoni yake waiache hapo ilipo, aendelee kuipuliza.