Saa za Laptopu Si Saa za Utafiti

Muulize mwanafunzi wa uzamili tasnifu imefikia wapi, atakujibu: "Nipo kwenye laptopu tangu asubuhi." Nasi tunaridhika. Tumejiaminisha kwamba utafiti wote umehamia kwenye skrini, kwa hiyo anayetaka kupunguza saa za kuikodolea macho ni mvivu anayetafuta kisingizio. Imani hiyo ni ya uongo, na inawachelewesha watu kuhitimu.

Mimi mwenyewe iliniponza. Nilikuwa na mahojiano ya wanawake wanaokaanga samaki pale Feri, Dar es Salaam. Wiki nenda wiki rudi niliyapitia kwenye skrini nikiyapaka rangi: njano mtaji, kijani soko, bluu familia. Sura ya nne ya tasnifu yangu haikusogea. Laptopu ilipokwenda kwa fundi, nilichukua flashi yangu hadi steshenari, nikachapisha yote, nikayakata kwa mkasi jibu kwa jibu na kuyatandaza juu ya mkeka sebuleni. Feni niliizima vipande visipeperuke, jasho likanitiririka. Nikiwa nimepiga magoti pale ndipo nikaona: neno "mtaji" lilikuwa langu. Wao, karibu wote, walikuwa wakisema "deni". Kwenye skrini nilimsoma mama mmoja mmoja. Mkekani walikaa wote, wakanisahihisha.

Na si mimi tu. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta wanaosoma karatasini huelewa zaidi kuliko wanaosoma kwenye skrini, hasa maandishi ya kitaaluma na ya maelezo, na hasa muda unapobana. Mwanafunzi wa uzamili anasoma nini kingine, na lini muda haujambana?

Najua kuchapisha kuna gharama, na fedha za utafiti huchelewa. Lakini hakuna anayekudai uchapishe makala zote mia mbili ulizopakua. Tasnifu yako imesimama juu ya chache tu, pengine kumi. Hizo zichapishe, uzisome kalamu mkononi, ubishane na mwandishi pembeni mwa ukurasa, simu ikiwa chumba kingine. Mwanafunzi wa takwimu atarudi kwenye kompyuta yake, na hana njia nyingine. Ila swali la kuiuliza kompyuta aende nalo, asitarajie kulikuta humo.

Lawama yangu kubwa ni kwetu wasimamizi. Sisi ndio tunaotuma ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku tukitaka rasimu asubuhi, kisha tunamsifu aliyejibu upesi. Tumewafundisha kukaa mtandaoni, halafu tunashangaa mapitio yao ya maandiko yanasomeka kama vipande vilivyobandikwa.

Wanafunzi wangu wakija ofisini siku hizi, ninachoomba kwanza ni kaunta buku. Laptopu wataifungua baadaye.